Nani Aliwasha Moto Serengeti?

Kila mwaka ikifika Agosti au Septemba kuna habari moja ambayo lazima itoke kwenye magazeti yetu. Kichwa chake unakijua hata kabla sijakuandikia: wananchi watakiwa kuacha kuchoma moto ovyo. Ndani yake kuna kiongozi aliyesimama jukwaani, kuna onyo kali, kuna maneno "moto kichaa", na kuna wanakijiji ambao hakuna aliyewauliza chochote. Mimi mwenyewe nimeshaandika habari ya namna hiyo. Niliiandika haraka haraka, ikatoka, nikaendelea na mambo mengine.

Kilichonirudisha kwenye habari hiyo ni jambo dogo tu. Ukipita kaskazini mwa Serengeti mwezi wa sita au wa saba, upande ule unaopakana na wilaya za Tarime na Serengeti, unaweza kuona moshi ukipanda kutoka ndani ya hifadhi. Aliyewasha si jangili wala mfugaji. Ni mtumishi wa hifadhi, amewasha mchana kweupe, kwa mpango na kwa ruhusa. Miezi miwili baadaye mtu wa kijiji jirani akiwasha kiberiti chake, huyo ni mhalifu.

Sisemi kwamba mioto hiyo miwili ni sawa. Tutaona hapa chini kwamba haiko sawa hata kidogo. Ila nilijiuliza: huyu mwenye ruhusa alijifunza wapi kuchoma? Na huyu asiye na ruhusa, babu yake alikuwa anafanya nini kabla ya mpaka kuwekwa? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta si kile nilichofundishwa shuleni, kwamba Serengeti ni pori la asili ambalo mkono wa mtu haujaligusa. Nimekuta kwamba moto umekuwa unaandika historia ya pori lile kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba kila mara tulimkamata mtu ambaye siye.

Kabla hatujarudi nyuma, tukubaliane jambo moja. Moto wa porini unahitaji vitu viwili, majani makavu na mkono wa kuwasha. Radi ipo, lakini kwa kule Mara radi huja na mvua, kwa hiyo mioto mingi chanzo chake ni binadamu. Pakiwa na majani bila mkono, hapaungui. Pakiwa na mkono bila majani, hapaungui pia. Shika hayo mawili, maana ndiyo yatakayotuongoza hadi mwisho.

Haya, turudi kabla ya mwaka 1890.

Wakati huo hapakuwa na hifadhi. Magharibi mwa Serengeti waliishi Waikoma, Wanata, Waissenye, Wangoreme na wengine, watu waliolima, waliofuga na kuwinda. Kaskazini walikuwa Wakuria. Mashariki, kwenye mbuga, Wamaasai na ng'ombe wao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alizunguka na wazee wa magharibi mwa Serengeti akikusanya kumbukumbu zao, na mwaka 2007 akatoa kitabu kiitwacho Imagining Serengeti. Wazee wale walitaja vilima, mito na chemchemi zilizo ndani ya hifadhi ya leo kwa majina ya koo zao. Yaani pale ambapo mtalii anaona pori tupu, wao wanaona mahame.

Watu hao walichoma majani, na walikuwa na sababu. Moto huleta majani mabichi ambayo ng'ombe huyapenda. Unapunguza kupe. Unafukuza vichaka, na kichaka kikiondoka mbung'o naye anakosa kivuli cha kukaa. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale. Kwa hiyo kwa mfugaji wa wakati ule, kiberiti (au tuseme kipande cha ukuni chenye moto) kilikuwa dawa ya mifugo, jembe na ukuta wa kijiji kwa wakati mmoja. Helge Kjekshus, aliyeandika historia ya mazingira ya Afrika Mashariki mwaka 1977, alisema wazi kwamba watu wa enzi hizo walikuwa wameidhibiti ardhi yao, na kwamba udhibiti huo ulivunjika ghafla mwishoni mwa karne ya 19.

Ulivunjwa na nini? Na ugonjwa wa ng'ombe.

Sotoka iliingia pembe ya Afrika mwaka 1887, ikiletwa na ng'ombe waliosafirishwa kwa ajili ya jeshi la Waitaliano huko Eritrea. Ikashuka kusini kwa kasi. Ilipofika 1890 na 1891 ilikuwa imeingia kwetu. Ng'ombe walikufa kwa makundi, nyumbu na nyati wakafa nao. Kwa mfugaji kupoteza ng'ombe wote ndani ya miezi michache ni kupoteza chakula, mahari, akiba na heshima. Njaa ikafuata, kisha ndui. Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Victoria, akakuta Wamaasai waliobaki mifupa na ngozi wakiomba chakula kwa msafara wake. Yeye alikadiria kwamba karibu theluthi mbili ya Wamaasai wote walikuwa wamekufa.

Sasa angalia kilichotokea kwa pori. Walaji wa majani wamekufa, hivyo majani ni mengi kuliko kawaida. Lakini wachomaji nao wamekufa au wamekimbia. Majani yapo, mkono haupo. Moto ukapungua, na miche ya migunga ambayo zamani ilikuwa inaungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Vichaka vikafunga. Mbung'o akarudi kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wameshamfukuza, na safari hii hapakuwa na watu wa kutosha wa kumfukuza tena.

Wazungu walioanza kuja kwa wingi baada ya hapo, kwanza Wajerumani waliojenga ngome yao Ikoma, kisha Waingereza, waliikuta nchi ikiwa katika hali hiyo. Waliona miti mingi, wanyama na watu wachache, wakaamini hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu Mungu aumbe dunia. Kumbe walikuwa wanaangalia matanga. Nadhani hapa ndipo kosa kubwa lilipozaliwa. Picha ya nchi iliyofiwa ikawa ndiyo picha ya "asili" ambayo ilibidi ilindwe.

Waingereza walitenga sehemu ya Serengeti kuwa pori la akiba mwaka 1921, wakaongeza ulinzi mwaka 1929, wakaiita hifadhi ya taifa kwenye karatasi mwaka 1940, na mwaka 1951 hifadhi ikaanza kweli kweli. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka saini makubaliano ya kuondoka, na mwaka 1959 mipaka ikachorwa upya. Ngorongoro ikawa eneo la watu na wanyama, Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao. Katikati ya miaka ya 1960 kipande cha Lamai, kilicho kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, nacho kikaingizwa hifadhini. Kwa Wakuria wa Tarime kipande hicho si historia ya vitabuni. Ukienda kata kama Nyanungu, Gorong'a au Kwihancha na kuuliza habari za mpaka, andaa muda.

Lakini kuna kichekesho ambacho wengi hatukijui. Serikali hiyo hiyo ya kikoloni iliyoona moto wa Mwafrika kuwa uharibifu ilikuwa inautumia moto huo huo upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mkuu wa idara ya wanyamapori wa Tanganyika, Charles Swynnerton, alianza majaribio Shinyanga ya kupambana na mbung'o. Njia mojawapo ilikuwa hii: watu wa vijijini wakubaliane kutochoma majani mapema, wayaache mpaka yakauke kabisa, kisha wote wawashe kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi. Moto wa namna hiyo ni mkali, unaua vichaka, na mbung'o anakosa makazi. Swynnerton alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, lakini jina lake bado linaruka Serengeti hadi leo. Mbung'o mmojawapo anayewasumbua watalii pale, kitaalamu huitwa Glossina swynnertoni.

Na huko Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1933 maofisa misitu walianzisha jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulielewa. Walichukua msitu wa miombo wakaugawa vipande. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na unyevu. Kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Kingine kililindwa kisiungue kabisa. Miaka ikapita. Kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kilipoteza miti yake na kuwa majani. Kilichochomwa mapema kilibaki msitu. Kilicholindwa kilifunga kikawa kizito zaidi.

Msitu ule ule na moto ule ule, tofauti ni mwezi tu.

Naomba nieleze kidogo kwa nini mwezi unaleta tofauti, maana ndiyo roho ya jambo hili. Mvua za masika huisha Mei. Mwezi wa sita majani juu yamekauka lakini chini bado mabichi, na udongo una unyevu. Ukiwasha wakati huo moto unatambaa, unaruka sehemu na kuacha sehemu, jioni umande unauzima. Unaacha pori lenye viraka, hapa peusi, pale pana majani. Ukisubiri hadi Septemba, majani yote ni makavu, upepo umeongezeka na jua ni kali. Moto wa wakati huo unasimama wima na unakimbia kuliko mtu. Mche wa mgunga uliofika kiunoni unaungua hadi kwenye shina. Hautakufa, mizizi itachipua tena, lakini mwaka ujao utaungua tena. Mche unaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kuwa mti, mpaka upate misimu kadhaa bila moto mkali na uinue kichwa chake juu ya mwali.

Vile viraka vyeusi vya mwezi wa sita ndivyo vinavyozuia moto wa Septemba. Moto ukifika pale unakuta hakuna cha kula. Ndiyo maana watu wa hifadhi huchoma mapema. Wanautumia moto mdogo kuufunga moto mkubwa. Huhitaji shahada kuelewa hilo. Mama anayechoma takataka pembeni ya nyumba ya nyasi hufyeka kwanza pale panapozunguka nyumba.

Turudi Serengeti, maana sasa tunafika kwenye kesi yenyewe.

Kuanzia miaka ya 1930 idadi ya watu kuzunguka eneo hilo ilianza kupanda tena. Mkono ukarudi. Sotoka nayo ilikuwa bado ipo, inaendelea kuua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka, hivyo majani bado yalikuwa mengi. Sasa vitu vyote viwili vipo, majani na mkono. Matokeo unaweza kuyakisia. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya hifadhi ilikuwa inaungua ndani ya mwaka mmoja, na hasa kaskazini, upande wa Tarime, ambako mvua ni nyingi na majani hurefuka. Mbuga za kusini mashariki hupata mvua karibu nusu ya ile ya kaskazini, na majani yake ni mafupi.

Miti ikaanza kutoweka. Wanasayansi waliofika Seronera miaka ya 1960 walilinganisha picha za zamani na hali waliyoikuta, wakaona migunga mikubwa inaanguka na midogo haikui. Wakaanza kutafuta mshitakiwa. Wa kwanza alikuwa tembo. Tembo walikuwa wamesukumwa kuingia hifadhini kutoka maeneo yaliyojaa watu, na tembo akisukuma mti kila mtu anamwona. Paliandikwa makala kuhusu "uvamizi" wa tembo, na palikuwa na waliofikiri wapunguzwe kwa bunduki. Wa pili alikuwa mwanakijiji na moto wake. Mabishano yakawa marefu.

Wakati wanabishana, kuna mtu alikuwa na sindano.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe waliozunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka. Chanjo ya ng'ombe ilikuja kuboreshwa sana na Walter Plowright akiwa Muguga, Kenya, na kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Lakini ng'ombe walipoacha kuugua, kufikia mwaka 1963 hivi ugonjwa ulitoweka pia kwa nyumbu. Kumbe miaka yote ile wao walikuwa wanaambukizwa na ng'ombe.

Nyumbu walikuwa kama 250,000 mwaka 1961. Ikafika 1977, baada pia ya miaka kadhaa ya mvua nzuri wakati wa kiangazi, walikuwa zaidi ya 1,300,000. Hebu fikiria midomo milioni moja ya ziada. Walikula majani. Majani yakapungua, moto ukakosa chakula. Mkono ulikuwa pale pale, watu walikuwa wengi kuliko zamani, viberiti vilikuwa bei rahisi kuliko zamani, lakini eneo lililoungua likashuka mwaka hadi mwaka. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 miche ya migunga ikaanza kuinua kichwa juu ya mwali.

Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake walichapisha uchambuzi uliopima visababishi hivyo vyote pamoja: tembo, mvua, moto, nyumbu na ugonjwa. Jibu lao lilikuwa kwamba kilichobeba uzito mkubwa katika kurudi kwa miti ni moto, na kilichoushusha moto ni nyumbu, na kilichowarudisha nyumbu ni kutokomezwa kwa sotoka. Wakaenda mbali zaidi wakasema Serengeti iliyokuwa ikitoa kaboni angani sasa inaifyonza. Yaani sindano kwenye shingo ya ng'ombe wa mfugaji ilifanya kazi ambayo amri na faini hazikuiweza.

Mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Miaka mingi tumemsema mfugaji kwamba ndiye adui wa miti ya Serengeti. Kumbe siku aliyoleta ng'ombe wake kwenye chanjo alipanda miti mingi kuliko kampeni yoyote ya upandaji miti unayoikumbuka.

Tembo naye asisahaulike, maana yeye ana somo lake na liko hapo hapo mpakani. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza tembo wengi upande wa Tanzania, na baadhi waliobaki walikimbilia Maasai Mara, Kenya. Mtafiti Holly Dublin na wenzake walionyesha mwaka 1990 kitu cha ajabu. Moto ndio uliobomoa miti pande zote mbili. Lakini moto ulipopungua, upande wa Serengeti miti ilirudi, na upande wa Mara haikurudi, kwa sababu tembo waliojazana kule waling'oa kila mche uliochomoza. Udongo na mvua havitofautiani sana, ila ukivuka mpaka unakuta nchi mbili tofauti. Maana yake ni kwamba miti ikishaangushwa na kitu kimoja, inaweza kuzuiwa isirudi na kitu kingine. Usidhani ukiondoa kosa basi kila kitu kitarudi kama zamani.

Sasa wapo watakaosema: kama moto ndio mbaya, basi upigwe marufuku kabisa, ndani na nje, mapema na mwishoni. Hao nawaomba tutoke Mara kidogo twende Ngorongoro. Mwaka 1974 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya bonde la kreta waliondolewa, na desturi ya kuchoma majani ikakoma pamoja nao. Majani yakawa marefu na makuukuu. Kupe wakaongezeka. Ukame ulipopiga mwaka 2000 na baadaye mvua zikaja, nyati, nyumbu, simba na hata faru walikufa kwa magonjwa, mengine yakiwa yanaenezwa na kupe. Kuanzia 2001 mamlaka ya Ngorongoro ikarudisha moto, kwa mpango na kwa vipande, na kupe wakapungua. Miaka zaidi ya 25 ilihitajika ili kugundua jambo ambalo mchungaji aliyefukuzwa alikuwa analijua.

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Elimu ya moto haikuwahi kukosekana. Ilikuwepo kabla ya hifadhi, na ilikuwa mikononi mwa watu. Kilichotokea ni kwamba elimu ile ilihamishwa. Kilichokuwa desturi ya kijiji kikawa utaalamu wa ofisi. Kijijini kikabaki kitendo bila makubaliano, na kitendo bila makubaliano ndicho hicho tunachokiita kuchoma ovyo.

Jiweke katika nafasi ya mtu wa kijiji kinachopakana na hifadhi. Unataka majani mapya kwa ng'ombe wako. Ukiwasha mwezi wa sita, moto unawaka polepole na unatoa moshi mwingi, unakaa hapo siku nzima kuusimamia, na kila mtu anakuona. Ukiwasha mwezi wa tisa, unatupa kiberiti na kuondoka, na majani yanafanya kazi yenyewe. Ukiwa na ruhusa utachagua upi? Na ukiwa unaogopa kukamatwa utachagua upi? Marufuku isiyobagua inamwadhibu zaidi yule anayechoma vizuri, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kwenye moto wake.

Ajabu ni kwamba sheria zetu haziko kipofu kiasi hicho. Kuwasha moto hifadhini ni kosa, hilo halina mjadala. Lakini Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu kuchoma uoto, na haisemi usichome milele. Inazungumzia kibali na kuwajulisha majirani. Sheria imeacha mlango wazi. Ni sisi waandishi, na viongozi wanaopanda majukwaani, tunaoripoti kana kwamba ni ukuta.

Na wilaya hizi mbili zina vyombo vya kuupitia mlango huo. Wilaya ya Serengeti ina Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, inayounganisha vijiji kama Robanda, Nyichoka na Park Nyigoti, vyenye ardhi na askari wao wa wanyamapori. Tarime Wakuria wana iritongo, mkutano wa ukoo ambao unaweza kukaa chini ya mti ukaamua jambo zito, na uamuzi wake mtu huuogopa kuliko barua ya wilaya. Kama iritongo inaweza kuamua kuhusu wizi wa ng'ombe, haiwezi kuamua kuhusu wiki ya kuchoma majani? Wale watu wa Shinyanga waliompangia Swynnerton moto wa pamoja hawakuwa na redio wala simu za mkononi.

Tena haraka inahitajika, kwa sababu sura mpya ya historia hii imeshaanza. Mwaka 2019 James Probert na wenzake walichapisha utafiti wa picha za setilaiti kwa Serengeti, Mara na maeneo yanayozunguka, wakaona kwamba eneo linaloungua lilipungua kwa karibu asilimia 40 katika miaka 14 kuanzia 2001. Ukisoma haraka utapiga makofi. Lakini sababu yake kubwa ni mifugo. Kandokando ya mipaka ng'ombe, mbuzi na kondoo wamekuwa wengi mno hata majani hayafiki kimo cha kuungua. Mwaka huo huo kundi jingine, likiongozwa na Michiel Veldhuis, lilionyesha katika jarida la Science kwamba msongamano huo wa watu na mifugo pembezoni unawasukuma wanyama ndani zaidi na kubadilisha hata mioto ya katikati.

Kwa hiyo historia imegeuka tena. Mwaka 1890 majani yalikuwepo, mkono haukuwepo. Mwaka 1960 vyote vilikuwepo. Sasa pembezoni mkono upo, majani hayapo. Mchungaji ambaye ardhi yake imebaki vumbi hana cha kuchoma, na ng'ombe wake wanaangalia majani yaliyo ng'ambo ya kigingi cha mpaka. Tukifurahi kwamba moto umepungua bila kuuliza umepungua kwa nini, tutakuwa tumerudia kosa la wale Wazungu waliokuta nchi iliyofiwa wakadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Sina jibu la mgogoro wa mpaka, na sitajifanya ninalo. Ila kwa upande wa kalamu yangu nimejiwekea sharti. Siku nikitumwa tena kuandika habari ya moto kichaa, sitatuma habari kabla ya kuuliza mambo matatu. Moto uliwashwa mwezi gani? Aliyewasha alikuwa anatafuta nini? Na kama alitaka kuchoma vizuri, angeenda kumuomba ruhusa nani, na mtu huyo angekuwepo ofisini?

Swali la tatu ndilo ambalo sijawahi kuliona likiulizwa kwenye gazeti lolote, yangu ikiwemo. Nadhani jibu lake lingetuonyesha mwasha moto mwingine kabisa.

Wewe uliyekulia Mugumu, Nyamongo, Sirari au Natta, babu yako alikuwa anachoma mwezi gani? Muulize kabla hajaondoka nayo. Nawasilisha.